Chupa ya Ephraïm

Nilikuwa nimepanga chupa thelathini na tisa kwenye kapu la mashine, nikiikagua ya arobaini, nilipoona imepungua. Chini ya kizibo kulikuwa na vidole viwili vya hewa. Niliiweka mezani.

Mashine yetu hapa Kasese haipiki kinywaji. Huzamisha chupa zilizofungwa ndani ya maji, kisha huyagandamiza maji hayo kwa nguvu kubwa mpaka vijidudu vinakufa, na mchaichai hubaki na harufu ya shambani kwa wiki nyingi kwenye friji. Nilijifunza kuiendesha peke yangu, kwa kusoma na kwa kuharibu. Chupa iliyojaa hutoka salama. Yenye hewa hubonyea, na kizibo huvuja.

Mara tatu mfululizo, katika mzigo wa Mama Emérance, chupa moja ilitoka imekunjamana. Hamidah, anayebandika lebo, alisema imekanyagwa na kiboko wa mbugani Mweya. Mwenye mashine hakucheka. Kila mara tulipoteza nusu siku tukimwaga maji na kusafisha. Alisema ikivuja ya nne, mama huyo achukue majani yake arudi nayo Bwera. Mama Emérance hakuijua mashine nyingine ya namna hii, na hoteli iliyonunua kinywaji chake haikutaka chupa ambazo hazijapita humo. Gari lao lingekuja kesho adhuhuri.

Nilimwita Mama Emérance, nikamwonyesha chupa. Alikiri mara moja. Alikuwa amepiga funda moja kabla ya kuifunga, kama mara zote.

Nilimwambia aonje sufuriani, kwa kikombe.

"Sufuria nilionja, Papa Magidu," alisema. "Hata ile siku nilionja."

Akanieleza polepole. Kwao Beni, anayekupa kinywaji hukinywa kwanza mbele yako. Jioni moja shemeji yake Ephraïm alikuja na homa. Alimchotea kwenye sufuria ambayo nyumba nzima ilikuwa imeinywa, mtu akabisha mlangoni, naye akampa kikombe bila kukigusa kwa mdomo. Kabla ya alfajiri Ephraïm alikuwa amekufa. Huenda ni homa. Watu walisema mululuza, jani la dawa analochanganya na mchaichai, ni mchungu, na uchungu huficha mengi, hata sumu. Aliondoka na nguo alizovaa.

Tangu hapo, kila anapomimina, humsikia mtu nyuma yake akikohoa kidogo, kama mgeni anayengoja kupewa. Kwa hiyo chupa anayoijaza kwanza katika kila mzigo ni ya Ephraïm, na hiyo huionja.

Nilimshauri aijaze tena baada ya kuonja.

"Na ile nimeongeza, nani ameionja?"

Kwa hesabu yake, hakukosea. Nikasema basi ibaki mezani, isiingie mashineni. Alitikisa kichwa.

"Ikibaki hapa bila mutu kuinywa, Ephraïm ataenda kunywa ya mutu mwingine."

Sikujua kama ninaamini. Nilijua tu kwamba hatafunga mzigo bila chupa hiyo, na kwamba ikiingia, atafukuzwa. Nikamwambia nitainywa mimi, kwa niaba ya Ephraïm.

Aliichukua chupa mezani. Kisha akafungua kizibo, akapiga funda mbele yangu, akameza, akanipa kwa mikono miwili. Nikanywa mpaka chini. Kwanza uchungu, halafu mchaichai. Wakati wote huo alikuwa anatazama juu ya bega langu. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta tu. Hata hivyo niligeuka.

Nilipotaka kufunga mlango wa mashine, alinishika kifundo cha mkono.

"Bado. Na yeye alikunywa vizuri, akasema asante. Kesho ukiamka, tutawasha."

Nilimweleza kuhusu gari la adhuhuri. Alijibu kwamba asubuhi inatosha. Basi nilizirudisha zile thelathini na tisa kwenye friji, moja moja, nikaliacha kapu wazi.

Magari ya Bwera yalikuwa bado yanapakia, lakini hakwenda. Aliuliza nyumba yangu iko upande gani, na kama mke wangu ana usingizi mwepesi. Nilimwambia Jamira huamka kabla ya adhana.

"Mwambie akiamka akuguse," alisema, akatandika kitenge chake barazani.