Tunakwenda Kuangalia Majani

Mume wangu Thabit si mwongo. Ni mwoga, na kwa kuwa kasoma, woga wake anauvisha nguo nzuri ukapita mbele za watu ukaitwa heshima. Mwaka huo wa 1970, Idi ndogo ilipomalizika, alirudi nyumbani kwetu Muscat kutoka ofisini na ufunguo wa Landirova mkononi, akaniambia, "Mahbuba, jitayarishe. Tunakwenda Jabal Akhdhar kuangalia majani."

"Majani gani?"

"Majani ya miti. Wakati huu yanageuka rangi, halafu yanapukutika. Baba alikuwa akihadithia, hukumbuki?"

Vipi nisikumbuke? Marehemu mkwe wangu, Mzee Harub, alikuwa akikaa barazani kwetu Unguja akihadithia kwamba kwao Omani, juu jabalini, baridi ikiingia mikomamanga inakuwa manjano, mijozi inakuwa manjano, mizabibu inakuwa myekundu, kisha miti yote inabaki fito tupu na wala haijafa. Vijana wa mtaani wakimcheka. Nani katika sisi aliwahi kuona mti unavua majani yake yote? Mkarafuu ni kijani mwaka kucha. Mzee wa watu akicheka nao, kisha anatazama mbali.

"Thabit," nikamwambia, "kwenye hayo majani kuna mtu."

Akainamisha kichwa. Alijua namkusudia nani. Huko jabalini alikuwapo Bi Shaikha, mke wa kwanza wa babake. Mzee Harub alimwoa wangali vijana, akaja Unguja kutafuta riziki, akamuahidi atakwenda kumchukua. Alirudi kumtazama mara moja tu. Akaja akaoa Unguja, akamzaa Thabit, mamake Thabit akafa, na miaka yote hiyo Bi Shaikha hakumpa talaka wala hakumleta. Alichokuwa akifanya ni kumpelekea nguo kila Idi, kwa mkono wa msafiri. Na yule bibi akakaa mke wa mtu, hana mtoto, hana mume machoni, akingoja.

Mzee Harub aliuawa Unguja siku zile za mapinduzi, mwanzo wa mwaka wa sitini na nne. Thabit alikuwa kizuizini, miye nimejifungia ndani na Hind wetu mchanga. Hatukumzika sisi. Matanga hatukuweka, kwani nani angethubutu kukusanya watu? Tulipojaaliwa kutoka tukafika Dubai, nilidhani jambo la kwanza Thabit atalifanya ni kumpelekea Bi Shaikha habari. Idi ilipokaribia, bwana akaenda sokoni, akanunua nguo nzuri, akampa mtu wa Nizwa, karibu na jabali, aliyekuwa anarudi kwao. Akamwambia, "Mfikishie Bi Shaikha, salamu kutoka kwa Harub."

Yallah! Nilimvaa siku ile. "Unampelekea mjane nguo kutoka kwa maiti? We Thabit una akili?"

"Yuko peke yake kule. Habari kama hii hapewi mtu na msafiri, Mahbuba. Nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso."

Ikaja Idi nyengine, nguo. Ikaja nyengine, nguo. Kuingia Omani wakati ule kulikuwa kugumu kwa watu kama sisi, na ugumu huo mwenzangu ulimpa raha, nilimwona kwa macho yangu. Sasa nchi imefunguka, tumo Muscat, kapata kazi serikalini, na wa kumzuia hayupo tena. Ndiyo hayo majani.

"Ntakwenda," nikasema, "ila umwambie."

"Nnakwenda kwa sababu hiyo hiyo."

"Basi sema hivyo. Usinifanye mtoto ukanambia majani."

"Na majani tutayaona," akajibu, masikini, kwa sauti ya chini.

Hind tukamwacha kwa mama yangu, tukatoka alfajiri. Tukaipita Hamriya bado imelala, tukashika pwani, Azaiba mchanga mtupu na vibanda vya makuti, kisha tukaingia ndani kwenye mabonde ya mawe. Njia haikuwa njia. Landirova ikiturusha kama karanga kikaangoni, na Thabit kashika usukani kwa mikono miwili, midomo inamcheza. Nikamuuliza anasoma nini. Akasema anapanga maneno kwa Kiarabu.

"Hebu nisikie."

"Mama, kila nafsi itaonja mauti…"

"Hapo hapo ameshajua. Kisha?"

"Kisha sijui."

Nilitaka kumcheka, nikashindwa. Nilimwona jasho linamtoka na hewa ni ya baridi. Nikamfungulia chupa ya maji nikampa.

Jioni tukafika chini ya jabali, tukalala kwa Aflah, mtoto wa ndugu yake Bi Shaikha. Thabit alikuwa katanguliza salamu kwamba anakuja, na asubuhi Aflah akawa tayari na punda, maana juu gari haipandi. Alipokuwa anafunga mizigo yetu na ile sahani ya halwa tuliyotoka nayo Muscat, akauliza, "Na Ammi Harub? Mmemwacha Muscat?"

"Alhamdulillahi," akasema Thabit.

Nikamtazama. Ati Alhamdulillahi! Aflah akaridhika, akawapiga punda, tukaanza kupanda.

Tulipanda mpaka miguu yangu ikawa si yangu. Jiwe juu ya jiwe, hakuna kijani, hakuna kitu, nikaanza kudhani Mzee Harub alitupiga porojo miaka yote ile. Kisha tukazunguka ukingo, na bonde likawa chini yetu. Mashamba yamepandana ngazi ngazi ubavuni mwa jabali, na mikomamanga yote ni manjano, manjano ya bizari iliyosagwa sasa hivi. Mijozi imesimama katikati yake mikubwa, nusu majani yake juu na nusu chini, na kila upepo ukipita yanashuka polepole juu ya maji ya falaji, mfereji wa mashambani, na kuchukuliwa. Thabit akashuka kwenye punda. Akasimama. "Mahbuba, alikuwa anasema kweli," akaniambia. Nami nilikasirika kwa kuwa pazuri vile. Nilitaka yule mzee awepo, awaite wale vijana waliomcheka.

Bi Shaikha alikuwa kasimama mlangoni kwake. Mdogo, mwembamba, mgongo umenyooka. Alivaa ile nguo ya Idi ya mwaka huu, ya rangi ya chungwa, naijua kwa sababu niliiona ikifungwa. Mikono yake imepakwa hina mpaka kwenye vifundo, hina mbichi, nyekundu. Akampokea Thabit, akamshika uso, akanikumbatia na miye. Kisha akatazama nyuma yetu. Akamtazama punda wa kwanza, wa pili, na wa mwisho aliyebeba mizigo, na njia iliyokuwa tupu nyuma yake.

Kiarabu changu ni cha bibi yangu, cha jikoni, lakini kilitosha. Kule kwao mgeni akiulizwa habari, jawabu la kwanza ni kheri, hata kama nyumba yake imeungua. Anywe kahawa kwanza, ale tende, atue. Ndipo aseme lililomleta. Ni adabu, na ni adabu nzuri. Bi Shaikha akauliza, "Habari?" Thabit akajibu, "Habari kheri." Tukanywa kahawa. Tukala tende, tukala halwa. Kikombe kikatikiswa kwamba basi. Bi Shaikha akaiweka dele ya kahawa chini, akakunja mikono yake yenye hina mapajani, akangoja. Ndio wakati wenyewe. Na mume wangu akaanza kuhadithia njia, na mawe, na pancha tuliyoipata, na mambo mapya ya serikali.

"Baba Hind," nikamwambia kwa Kiswahili, huku natabasamu kwa ajili ya mwenye nyumba, "sema."

"Kesho. Mwache ajilalie leo na furaha yake."

Asubuhi Bi Shaikha mwenyewe ndiye aliyetutoa tukaangalie majani. Akitangulia mbele, anaruka falaji kama kijana. Akatuonyesha mikomamanga ya kwao, akatufikisha chini ya mjozi mkubwa, akaupiga kwa kiganja. "Huu wake Harub," akasema. "Aliupanda babake siku aliyozaliwa. Aliondoka wakati kama huu, majani yanaanguka hivi hivi, akanambia yakiota mengine ntakuja." Akacheka kidogo. "Mwambie komamanga nimemtundikia ndani, hazijaharibika. Na mwambie…" Akakawia, akaona haya mbele yangu, akajifunika mdomo kwa mtandio. "Mwambie nimezeeka. Asije akaniona akashtuka."

Nikamtazama Thabit. Na Thabit, wallahi namwona mpaka leo, akafungua mdomo akasema, "Ntamwambia, mama."

"Thabit bin Harub!" Nilimkamata mkono, na sauti yangu ilipiga jabali ikarudi. "Utasema weye au nseme miye?"

Bi Shaikha hajui Kiswahili, lakini hayo hayakutaka mkalimani. Akageuka, akatutazama mmoja mmoja. Mtandio ukamteremka begani, hakuuokota.

Thabit akasema. Yale aliyoyapanga njiani hakutumia hata moja. Alisema, "Baba amekufa, mama," basi.

"Lini?"

"Ile Ramadhani ya machafuko. Karibu miaka saba."

"Saba." Akaitazama nguo aliyovaa, akaishika pindo. "Na hii?"

"Mimi."

"Na ya mwaka jana? Na ile ya kijani?"

"Zote mimi, mama."

Hapo Thabit akafanya lile ambalo mpaka leo nashindwa kumchukia kwalo na nashindwa kumsamehe. Alimsogelea, na uso wake ulikuwa na nuru, maana hiyo ndiyo zawadi aliyopanda nayo jabali. "Lakini usihangaike, mama," akasema. "Nimewauliza masheikh Muscat. Eda inahesabiwa tangu siku aliyokufa, si tangu siku ya kupata habari. Yako imekwisha zamani. Huna la kukaa, na huna dhambi."

"Imekwisha," akasema Bi Shaikha.

"Imekwisha, mama."

"Nimempikia siku chache tu. Watoto sikumzalia. Alipougua sikumuuguza, alipokufa sikumlilia." Alisema bila ya kupandisha sauti, mikono kainyoosha mbele anaitazama hina yake. "Lilibaki moja, kumkalia eda. Hilo hata mwanamke aliyeolewa siku moja anapewa. Nawe umeninyang'anya, ukanivisha rangi nikacheza Idi."

Akarudi nyumbani peke yake. Tulipofika mlango ulishafungwa. Thabit akagonga, akamwita. "Mama, nifungulie. Miye mwanao, maharimu wako."

"Masheikh wako wanasema kweli," ikatoka sauti ndani. "Kwa Mungu amekufa siku hiyo. Kwangu amekufa leo. Nimo edani. Nenda."

Thabit akakaa chini pale pale nje, juu ya majani. Habari haikukawia kuenea. Wanaume wa kijiji wakaja, wakavua viatu, wakampa mkono, kila mmoja na neno lake la kumwombea marehemu na kumpa pole mwanawe. Hakuna mtu aliyewahi kumpa Thabit mkono wa pole kwa babake. Dubai tulifika kama watu waliopoteza mizigo, na kila mtu ana maiti wake. Wa tatu au wa nne alipomshika mkono, mume wangu akalia, kilio kikubwa, cha mtu mzima, kamshikilia mzee asiyemjua. Nilimhurumia na hasira hazikunitoka.

Nikagonga mlango nikasema ni miye, Mahbuba. Akanifungulia. Keshavua ile nguo, kavaa nyeusi kuukuu, amekaa pembeni kaelekea ukuta. Nikakaa karibu yake. Nje tukimsikia Thabit. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba lolote atakaloniuliza ntamjibu kweli tupu, maana katika nyumba ile uongo ulishakula vya kutosha.

Akaniuliza moja tu, bila ya kugeuka. "Nani alimwosha?"

Hakuna aliyemwosha. Majirani walimwambia Thabit, alipotolewa, kwamba waliwafukia waliouawa wote pamoja, na nguo zao, mchana, mbio mbio, watu wenye bunduki wamesimama juu yao. Nilikuwa na maneno yote hayo kwa Kiarabu, sikukosa hata moja. Mgongo wake ulikuwa mbele yangu, mdogo, umenyooka, unangoja.

"Thabit," nikasema. "Mwanawe mwenyewe. Alimwosha, akamkafini, akamtia kaburini kwa mikono yake."

Bi Shaikha akavuta pumzi ndefu, mabega yakashuka. "Alhamdulillahi," akasema. Akajifuta uso. "Basi mwite mwanangu aingie."

Nikanyanyuka nikatoka. Nikainama mbele ya mume wangu, nikamfuta macho kwa mtandio wangu, nikamwambia kwa Kiswahili, polepole, watu wakadhani namliwaza, "Ingia, anakwita. Ukiulizwa, babako ulimwosha weye."