Ufunguo Umegoma

Ufunguo uliingia vizuri, kama siku zote, kisha ukagoma. Kiherehere akauzungusha tena, ukagoma tena. Akauchomoa, akaupuliza, akaupangusa kwa upindo wa gauni, akauchomeka upya kwa adabu zote, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe. Wapi! Haukwenda mbele wala haukurudi nyuma.

"Nini?" akauliza mama yake kutoka kiti cha abiria.

"Hakuna kitu, Mama. Unachelewa tu kidogo."

Jina la Kiherehere alipewa na mama huyo huyo, alipotaka kukimbia kabla hajajua kusimama, na mpaka leo hakuna aliyelifuta, ingawa sasa ni mtu mzima, msusi mwenye saluni yake na wateja wanaomwogopa. Asubuhi ile jina lilimkaa sawasawa. Mama alikuwa ndani ya gari! Amevaa, amejitanda, mkoba uko mapajani. Tangu mazishi ya bibi, miaka mingi iliyopita, mama na dada yake, ambaye Kiherehere humwita Mama Mkubwa, hawakuwahi kupeana hata salamu. Leo Mama Mkubwa alikuwa anahama moja kwa moja, anakwenda kuishi kwa mwanawe, mbali, na basi lake lilikuwa linaondoka saa nne. Jana mama alikula kiapo kwamba haendi. Leo wakati wa chai akasema, "Haya, nipeleke basi, usije ukanipasua kichwa." Kiherehere hakungoja kusikia mara ya pili. Alikwenda jikoni akampigia Mama Mkubwa kimyakimya kumwambia wanakuja, akarudi mbio na ufunguo mkononi, na chai yake akaiacha mezani.

Na sasa hivi, kila dakika ambayo ufunguo uligoma ilikuwa dakika ya mama kughairi. Alimjua vizuri. Mama hakuwa mtu wa kukataa kwa kelele. Alikuwa mtu wa kupoa polepole, kama chai ile ya mezani, hadi ukija kunywa huna unachokunywa.

"Labda si riziki," mama akasema, akitazama mbele.

"Riziki ipo, Mama. Tatizo ni ufunguo."

"Mungu akitaka uende, gari linawaka."

Kiherehere akatia nguvu mpaka kidole gumba kikabaki na alama nyekundu. Akaangalia gia, iko huru. Akakanyaga klachi, akaachia, akakanyaga tena, bila sababu yoyote ila miguu nayo ilitaka kazi. Mwisho akaipiga dashibodi kofi.

"Na hilo kofi limesaidia?" mama akauliza.

Akashuka, akakimbilia ndani kutafuta ufunguo wa akiba kwenye kopo la vifungo vya nguo. Vifungo vikamwagika sakafuni, kila kimoja kikashika njia yake, na yeye akavikanyaga akitoka. Aliporudi, mama alikuwa ameshaweka mkono kwenye kitasa. Mlango ule wa abiria ulikuwa haufunguki kwa nje tangu mvua za mwaka jana. Ukitaka kuingia, aliye ndani akufungulie, au upitie kwa dereva ujiburute juu ya gia. Kwa ndani, lakini, ulifunguka bila shida, na hilo ndilo lililomtisha Kiherehere.

"Mama, tafadhali."

"Yeye alinisubiri mimi?" mama akasema, sauti chini. "Niliwatumia habari kwamba daraja limekatika, niko njiani, nisubirini. Nikafika, nikakuta watu wanakung'uta udongo mikononi. Uso wa mama yangu sikuuona. Dada yangu ndiye aliyesema wazike."

Kiherehere aliijua habari hiyo kama anavyojua jina lake, ila alizoea kuisikia kwa ukali. Kwa sauti hii hakuwahi. Akajibu kwa kuchomeka ufunguo wa pili. Nao ukagoma. Akampigia fundi, akaweka simu juu ya dashibodi, sauti wazi.

"Fundi, ufunguo hauzunguki! Nitie mafuta ya kupikia?"

"Mafuta ya kupikia kaangie mayai, dada. Humo yatashika vumbi, mwezi ujao utanilaani. Huna ufunguo mwingine?"

"Nimeujaribu, mambo ni yale yale."

"Basi ufunguo msiusingizie. Shika usukani. Unacheza?"

Akaushika. Upande wa kushoto ulikuwa ukuta. Upande wa kulia ulipumua kidogo tu.

"Umejifunga huo," fundi akasema. "Ukishachomoa ufunguo, mtu akiuvuta usukani, unajifunga wenyewe, ili mwizi asiondoke na gari. Jana uliuachaje?"

"Umenyooka. Mimi huuacha umenyooka siku zote."

"Basi kuna mtu kaja kauvuta."

"Nani auvute? Nyumba hii tuko wawili tu, mimi na..." Kiherehere akamgeukia mama yake.

Mama alikuwa anafungua zipu ya mkoba na kuifunga, anaifungua na kuifunga.

"Mama, uliingia humu?"

"Nilikuja alfajiri," mama akasema mwishowe. "Huu mlango wako mbovu ukanishinda, nikapitia hapo kwako. Wakati wa kushuka magoti yakakataa, nikaushika huo usukani, nikajivuta. Ukalia ka! Nikadhani ndivyo ulivyo."

"Alfajiri ulikuwa unafanya nini ndani ya gari?"

"Natafuta pa kuanzia." Zipu ikatulia. "Nitamwambia nini mtu baada ya miaka yote hii? Nianze na shikamoo, kama mdogo wake? Au nianze na mama, na lile kaburi? Nilikaa hapo nikayasema yote peke yangu. Kisha nikasikia unaamka, nikaona haya."

Kiherehere naye aliona haya, tena kubwa zaidi. Asubuhi nzima alidhani anamburuta mama yake, kumbe mwenzake alishatangulia kufika. Alimpenda sana wakati ule.

"Jamani, mimi bado nipo," fundi akasema kwenye simu. "Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Dada, usukani usukume upande ule unaopumua, na ufunguo uzungushe papo hapo, taratibu. Ukiuvunjia humo, leo hamwendi popote."

Hilo la taratibu ndilo lililokuwa gumu. Lakini vidole vyake vilijua kufumua fundo la nywele bila kumliza mteja, akaviachia kazi. Mkono mmoja ukabembeleza usukani, wa pili ukabembeleza ufunguo. Kikalegea kitu ndani, ufunguo ukazunguka, injini ikanguruma.

Barabarani mambo yakageuka. "Mpite huyo!" mama akasema. "Mpite, kwani amelala? Hiyo taa nayo, nyekundu ya nini na hakuna mtu?" Alikuwa amekamata mkanda kwa mikono miwili, mguu unakanyaga breki ambazo upande wake hazipo.

"Sasa nani ana kiherehere?" binti akauliza, lakini hakucheka, maana saa ya kwenye simu nayo aliiona.

Walipoingia stendi, mahali pa basi lile palikuwa peupe. Palibaki doa la mafuta na mwanamume anayefagia maganda ya machungwa. Kiherehere akateremsha kioo, akamuuliza. Mfagiaji akaelekeza fagio lake barabarani.

"Limeshaondoka hilo."

Mama hakulia. Alijitanda upya, ingawa alikuwa amejitanda vizuri. "Nimefika watu wamemaliza," akasema. "Turudi nyumbani."

Kiherehere akashika ufunguo. Ndipo kitasa cha mlango wa abiria kikatikisika. Kikatikisika tena, kwa hasira. Nje ya kioo alisimama Mama Mkubwa, kilemba kimekaa upande, mabegi yamemzunguka miguuni, anavuta mlango kwa nguvu zake zote.

"Fungueni!" akapaza sauti. "Basi nimeliacha liende! Wamenipigia honi, wamenitukana, nimewaambia siondoki, nina mtu namsubiri!"

Kiherehere akanyoosha mkono harakaharaka, kupita mapajani mwa mama, afungue. Mama akaupiga kofi mkono ule.

"Acha. Nitafungua mwenyewe."

Akamtazama dada yake kupitia kioo. Midomo ikacheza, yale maneno ya alfajiri yakikataa kuja. Kisha akavuta kitasa, mlango ukafunguka.

"Shikamoo, dada," akasema.