Kuku wa Ghorofani

Mwanawe alipofunga geti la mlango kwa nje, Bi Sufi alibaki amesimama ukumbini akisikiliza viatu vikishuka ngazi. Mwanawe alikuwa fundi umeme, mtu wa kuhakikisha. Hata kufuli lilipobana, alilivuta tena. "Mama, usiguse jiko," alikuwa amemwambia, kama jana na juzi, kisha ufunguo ukaenda naye kazini. Mkewe alikuwa ameshatangulia kwenda kwenye kazi yake.

Hakufanya hivyo kwa ubaya. Tangu mama yake alipoteleza kwenye ngazi hizo akavunjika mkono, alimwogopea hata akikohoa. Chakula hakikupungua wala dawa hazikukosekana. Ila Bi Sufi alikuwa mshonaji wa magodoro ya sufi, ndiko jina lilikotoka, na maisha yake yote watu walikuwa wakiingia na kutoka kwake kutwa nzima. Sasa siku yake ilikuwa dari, ukuta, dirisha, kisha dari tena.

Mpaka alipokuja kuku. Aliletwa na mdogo wake Bi Sufi siku alipokuja kumjulia hali, na kila mtu alijua huyo ni wa mchuzi. Mkwe wake alikuwa ameshainjika maji pale kuku alipojipenyeza kwenye gunia kuukuu la sufi, akataga.

"Mwacheni kwanza," Bi Sufi alisema. "Hachinjwi mtu akiwa kazini."

Basi akaachwa, na siku zikapita bila aliyegusa kisu. Wakamwita Karani, kwa jinsi alivyotembea akiinamisha shingo kukagua sakafu. Karani alitaka maji asubuhi, alitaka kufagiliwa, alitaka kutolewa roshani apate jua. Daktari alikuwa amempa Bi Sufi mpira wa kuminya ili vidole virudishe nguvu, na mpira ukaishia uvunguni. Sasa alikuwa akitwanga mahindi ya kuku kwa mkono uleule bila kukumbushwa na mtu. Walizozana pia. "Unanitazama nini? Hata mimi sijatoka," alimwambia, na Karani akaguna kooni kama mtu aliyechoshwa na habari hiyo.

Jioni moja mwanawe aliingia, hata viatu hakuvua.

"Mama, mwenye nyumba amekuja juu. Majirani wanalalamikia uchafu roshani. Kesho nikitoka kazini nampeleka sokoni."

"Nani, mwenye nyumba?"

Mkwe alicheka, akajiziba mdomo. "Kuku, Mama. Si hata kumla hatuwezi tena, kwa umri ule tutamchemsha mpaka mwakani."

Bi Sufi hakucheka. Alimtazama mwanawe, akaona naye hapendi anachokisema, na hilo halikumsaidia kitu.

Asubuhi geti lilipofungwa, alitoka roshani. Chini, pembeni mwa jengo, mpiga pasi alikuwa akipepea makaa mbele ya kibanda chake, na nyuma yake kulikuwa na kiuga alichokizungushia wavu.

"Wewe mpiga pasi!"

"Naam, mama!"

"Una nafasi ya mpangaji?"

"Mlevi?"

"Anataga."

"Huyo mshushe hata sasa hivi!"

Alimfunika Karani kwa kitambaa ndani ya kikapu, akafunga kamba ya kuanikia nguo, akaanza kukishusha. Mkono uliuma lakini ulishika. Karani alipiga kelele mpaka watu wakachungulia madirishani.

"Nimempata!" mpiga pasi aliita. "Usijali, nitamlisha mwenyewe."

"Leo tu, mwanangu. Kuanzia kesho nitakuja mimi."

Mpiga pasi alitazama juu. Mtaa mzima ulijua habari za lile kufuli. Akarudi kwenye makaa yake.

Siku hiyo ilikuwa ndefu kuliko zote. Bi Sufi alijaza bakuli la maji kwa mazoea, kisha akalimwaga. Akakaa kitandani. Nyumba ilikuwa safi, na hakukuwa na lolote ndani yake la kumwinua.

Mwanawe aliporudi alitafuta chini ya meza. "Kuku yuko wapi?"

"Kwa mpiga pasi. Kesho nashuka kumlisha."

"Utashukaje?"

"Kwa miguu."

"Mama, si mpiga pasi yupo?"

"Yeye ana pasi zake. Kuku ni wangu."

Mwanawe alikaa kitini, akashika kichwa. "Siku ile nilikukuta umelala pale kwenye ngazi, nikajua umeshakufa. Nilikaa kwanza, nikaogopa hata kukugusa."

Hakuwahi kumwambia hivyo. Bi Sufi alimshika bega, akakaa kando yake. Kisha akasema taratibu, "Nami ukishafunga pale nje, baba, hujiona nimeshakufa. Sina wa kuja kunigusa mpaka jioni."

Mkwe alizima jiko. Akapakua chakula.

Asubuhi mwanawe alimngoja mlangoni, naye akaja na mahindi kwenye kopo. Walishuka pamoja, mwana akienda kinyumenyume mbele yake, mikono ameitandaza kama anayezuia mbuzi.

"Toka hapo, unanizibia mwanga."

Kwenye kona ya ghorofa ya pili pumzi zilimwishia, ikabidi akae kwenye ngazi. Ukuta ulikuwa karibu, hewa nzito, na chini bado kulionekana mbali.

"Turudi, Mama?"

"Napumzika."

Mwanawe alitazama saa. Alikuwa ameshachelewa kazini. Alikaa ngazi moja chini yake, ufunguo mkononi.

"Na kesho je?" aliuliza. "Kesho mimi natoka alfajiri."

"Kesho naye atakuwa na njaa," Bi Sufi alisema, akanyoosha kiganja.

Mwanawe alikitazama kiganja kile. Kisha akauweka ufunguo humo, na Bi Sufi akaukunjia vidole.