Tani Mbili na Ushee

Muuzaji alikuja na viatu safi mno kwa uwanja wa magogo, na ulimi wake ulikuwa laini kuliko viatu. Tangu asubuhi alikuwa akiimwagia sifa foklifti yake: haili mafuta, magurudumu mapya, inabeba tani mbili bila kukohoa. Alikuwa ameshanyanyua gogo kavu la msonobari mara tatu, juu, chini, juu, na wapasuaji mbao wanne wakapiga makofi kama waliolipwa.

Mwenye kiwanda hakupiga makofi. Watu humwita Mama Futi, kwa kuwa futi ya kupimia haimtoki mkononi hata akiwa jikoni kwake. Kiwanda chenyewe ni msumeno mmoja na paa la mabati, na alikianzisha na mdogo wake wa kiume, tumbo moja. Dada alipima, mdogo alisukuma. Miaka kumi na tisa aliviringisha magogo kwa mtaimbo, mpaka naye akaitwa Mtaimbo.

Sasa mgongo wake ulikuwa umekwisha. Hakusema, na dada yake hakuuliza. Alijikaza kisabuni, akifunga viatu huku ameegemea ukuta, akiinuka kwa kicheko kikubwa ili mguno usisikike. Ndiyo maana aliitaka foklifti kama mtoto anayetaka baiskeli. Foklifti ina kiti, na mwenye kiti bado ana kazi.

"Dada, hii ndiyo yetu," alikuwa akirudia. "Tusizunguke tena."

Mama Futi alitaka winchi: ngoma yenye waya wa chuma, inayolivuta gogo chini kwa chini hadi kwenye msumeno, bila kuliinua. Uwanja wao una mteremko, na mvua ikipita ni tope tupu. Mashine ya kuinua vitu juu inataka sakafu ya saruji. Hilo alilijua wiki nzima. Ila winchi haina kiti, na kumtazama mdogo wake machoni amwambie "hapana" kulimshinda. Basi akatafuta njia ya mkato, na tusimsafishe: ulikuwa woga, hakuna jina jingine.

"Jaribu lile," akamwambia muuzaji, akionyesha gogo la mkaratusi lililokatwa juzi, bado linatoa maji.

Alikuwa ameshalipima alfajiri, peke yake. Upana sentimita themanini, urefu mita nne. Hizo ni mita mbili za ujazo, na mkaratusi mbichi huzidi tani moja kwa kila mita ya ujazo. Tani mbili na ushee. Mashine ingenguruma, ingeshindwa, na "hapana" ingekuwa imesemwa na chuma.

Muuzaji akasita. "Lile bichi, mama. Tutafute jingine..."

"Magogo yetu yote mabichi."

"Mwendeshaji si nitakuwa mimi?" Mtaimbo akadakia. "Basi nijaribu mwenyewe." Trekta aliwahi kuiendesha, na kabla dada yake hajafungua mdomo alikuwa ameshakaa kitini. Hilo halikuwamo kwenye hesabu. Mama Futi angeweza kusema neno hapo hapo. Akarudi hatua moja nyuma kuipisha mashine.

Meno mawili ya foklifti yakaingia chini ya gogo. Injini ikanguruma, na gogo likaachana na ardhi. Mashine haikushindwa. Lilipanda hadi usawa wa goti, na ndipo Mama Futi alipoona mwanga chini ya magurudumu ya nyuma.

"Uzito nyuma!" mpasuaji mmoja akapaza sauti, na wote wanne wakarukia nyuma ya mashine wakaning'inia. Walimpenda Mtaimbo, hawakufikiri mara mbili. Magurudumu yakarudi chini. Wakacheka. "Tani mbili na watu wanne juu!" Mtaimbo naye akacheka, akazidisha. Gogo likafika kifuani.

Gurudumu la mbele, la kushoto, likazama kwenye tope.

Mashine nzima ikainamia upande. Gogo likaanza kuteleza juu ya meno, polepole, likisaga gome lake.

"Rukeni! Rukeni!" akapiga kelele muuzaji, mwenyewe ameshakula kona nyuma ya gari lake.

"Asiruke mtu!" Mama Futi hakujua alifikaje pale ubavuni, mahali ambapo mdogo wake angeweza kumwona. "Mkiruka inapinduka naye! Ng'ang'anieni hapo! Na wewe nitazame mimi, usitazame gogo. Usiguse usukani. Shusha. Kidogo. Kidogo tena."

Mtaimbo akausogeza taratibu mpini wa kushushia. Ncha moja ya gogo ikagusa tope, mashine ikalia, ikayumba. Mmoja nyuma alikuwa akiomba Mungu kwa sauti. Ncha ya pili ikatua.

Mtaimbo akazima injini. Wapasuaji wakashuka mmoja mmoja, na mmoja wao akakaa palepale topeni. Mtaimbo hakushuka.

"Lina tani ngapi?" akauliza.

Mama Futi angeweza kudanganya. "Mbili na ushee."

"Umejua sasa hivi?"

"Nimelipima alfajiri."

"Ulijua, na nikapanda."

"Nilidhani mashine itashindwa, nawe uone mwenyewe. Ili nisiwe mimi..." Akajilazimisha. "Nisiwe mimi wa kukuambia."

Mtaimbo alimtazama hadi dada yake akatamani ardhi immeze. "Dada, ukitaka kunikatalia, nikatalie kwa mdomo. Usinikatalie kwa gogo."

Basi akamkatalia kwa mdomo, mbele ya wapasuaji, mbele ya muuzaji na viatu vyake. "Foklifti sinunui. Nanunua winchi. Mgongo wako umekwisha, mdogo wangu, sote tunaona, na winchi inataka mtu wa kusimama kutwa. Hiyo haitakuwa kazi yako. Kazi yako mpya bado sijaijua."

Mtaimbo akaitoa mikono kwenye usukani, akaiweka mapajani.

"Naumwa, dada," akasema, watu wote wakisikia. "Naumwa hata nikilala."