Taa Tatu Baada ya Kioo Kipya

Jumatano, saa kumi na dakika ishirini alasiri, juu ya lile tuta la mbele ya soko, hapo ndipo zilipowaka, si moja kisha nyingine, zote tatu kwa pamoja kama watu waliokubaliana, na Rin ana uhakika wa saa kwa sababu saa ya gari iko pale pale kando yake, na sasa, wakirudi nyumbani, wamesimama kwenye kivuko cha reli, kizuizi kimeshuka, kengele inagonga, treni haionekani, na taa za dashibodi bado zinawaka, ya kigari kilicho katikati ya mistari miwili, ya magari mawili yanayogongana, na ile ya taa kubwa zinazojiwasha na kujizima zenyewe, zote za manjano, za manjano siyo nyekundu, kitabu cha gari kinasema manjano maana yake endelea kwa uangalifu na nyekundu maana yake simama, ukurasa huo ameusoma hadi anaujua kama sala, endelea kwa uangalifu... uangalifu kiasi gani, unapimwa na nani, kule maabara kazini kwake ukiandika kwenye ripoti kwamba maji haya yanywewe kwa uangalifu utaambiwa ukae nyumbani... "Kuna nini hapo?" mama anauliza kutoka kiti cha pembeni, "unapatazama kama mtu anayesubiri maji ya chai yachemke," na Rin anausogeza mkono juu ya usukani ili kiganja kifunike taa, anasema, "Naangalia mafuta, mama," na mama anasema, "Si tumetoka kujaza sasa hivi?" na ni kweli wametoka kujaza, tena mafuta yalikuwa yanatosha, aliingia pale kituoni ili mama aende chooni na yeye apate nafasi ya kupiga simu gereji... kwa sababu asubuhi gari hili lilikuwa zima, hilo ndilo linalomkera, alilipeleka kwa wakala likiwa na ufa mmoja tu kwenye kioo cha mbele, ufa alioupata kule mlima wa Khun Tan alipokwenda peke yake kujizoeza njia ya hospitali, lori la mawe likamrushia kokoto, tak, na leo amerudishiwa kioo kipya, safi hata unadhani hakipo, pamoja na taa tatu, ni kama kupeleka kidole kinachovuja damu ukarudishiwa kidole kizima na homa juu yake, na Nop, kijana wa kaunta kule gereji, alicheka kwenye simu, "Dada yangu, hizo za manjano ni mafua, siyo ugonjwa, kamera imekaa nyuma ya kioo kipya, bado inaona haya, endesha tu itazoea," akamuuliza, mliipima mlipomaliza, "Tuliipima, dada, mbele ya ubao wa kupimia, ilikuwa inaona kuliko mimi," basi kwa nini iharibikie kwenye tuta, "Ilete Ijumaa tuiangalie," Ijumaa! Ijumaa mama atakuwa Chiang Mai amelala chini ya taa nyeupe, kifua wazi, watu wasiomjua wanamwekea vali mpya ya moyo, na ili Ijumaa iwepo lazima kesho kabla ya saa sita wawe wameripoti wodini, na kabla ya wodi kuna mlima, na kwenye mlima mvua ya Agosti na malori, na gari linalosema halioni mistari ya barabara... ingawa hiyo kamera ni ya kumsaidia dereva, haishiki breki, haishiki usukani, baba aliendesha pikapu maisha yake yote akibeba udongo kupeleka kiwanda cha vyungu na hakuwa na kamera yoyote, alikuwa na macho yake na kile kidani, kidani... hapana, usipatazame, ukipatazama na yeye atapatazama, kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma, chini yake, pale palipo patupu. Aliona gereji ile ile, alipoketi tu, kwamba kidani cha baba hakipo, yule Budha mdogo ndani ya kikasha chake cha plastiki chenye ukingo wa dhahabu uliochubuka, na hakusema kitu kwa sababu mama alikuwa ameshaanza kufunga mkanda, akaja kuuliza baadaye kwenye simu, na Nop akapiga kelele karakana, akarudi, "Fundi anasema amemweka pa juu, dada, mahali pa heshima, usiwe na wasiwasi, hapa kwetu hakuna mtu wa kumweka Budha kitini au sakafuni," pa juu, juu ya kabati la spana labda, juu ya saa ya ukutani, na wao wakafunga milango yao, na kesho wakati wanafungua tena yeye na mama watakuwa njiani bila... na mama akijua ndiyo basi, mwezi wa Machi mabegi yalikuwa tayari mlangoni, mjusi akalia juu ya kizingiti, mjusi mmoja, mdogo kama kidole, mama akavua viatu akarudi jikoni, akasema mjusi akilia mtu akitoka ni mkosi, leo hatoki mtu, na daktari akatoa tarehe nyingine akiandika polepole, akasema akimtazama Rin, siyo mama, kwamba vali hii haitangoja tarehe ya tatu, kwa hiyo ikiwa mjusi mmoja aliwagharimu miezi mitano, taa tatu na Budha aliyepotea vitawagharimu... funika kwa mkono vizuri. Kengele inagonga. Kati ya magari anakuja mwanamke muuza makoja ya asumini, kofia pana, mikono mirefu ya shati hadi vidoleni, makoja yananing'inia kwenye kijiti, anapita mbele ya boneti, anasimama, anakitundika kijiti kwenye kiwiko, anaunganisha viganja na kuviinua hadi kwenye paji la uso, anainama, na mama anacheka, anaunganisha vyake, "Tazama huyu mwenye adabu, ananisalimu kabla hajaniuzia," anashusha kioo cha mlango, joto linaingia, "Asumini zako zimesinzia, dada," "Mama mkubwa, saa hizi hata mimi na wewe tumesinzia, chukua mawili," "Moja, mimi sina shingo mbili," "Basi moja, lakini chukua hili lenye waridi, linakufaa, una uso wa bibi harusi," "Bibi harusi wa nani, wa daktari?" na wote wawili wanacheka, mama anacheka hadi anashika kifua na Rin moyo unamruka yeye, na kioo cha mlango kinapanda, na mama, bila kuuliza, ananyoosha mkono, anatundika koja pale pale, chini ya kioo cha kutazamia nyuma, anasema, "Hapa pamekuwa wazi tangu tutoke gereji." Uliona, mama? "Vali yangu ni mbovu, macho ni mazima. Na hizo taa zako tatu nimeziona pia, kiganja chako si kikubwa hivyo." Na hukusema kitu? "Niseme nini? Nikisema utafungua kile kitabu, na ukifungua kile kitabu hatufiki. Mimi kuku wangu nimeshawakabidhi kwa jirani tangu Jumapili," na anageukia dirisha lake, anatazama reli, ameshamaliza, na Rin anabaki na mkono juu ya usukani ukifunika kitu ambacho hakijafichika tena... ameshawakabidhi kuku, tangu Jumapili, Jumapili yeye Rin alikuwa mlimani anahesabu kona, kwa hiyo nani hapa anayetafuta mjusi... na yule mwanamke, subiri, yule mwanamke hakumtazama mama, macho yake yalikuwa juu zaidi, katikati, juu ya kioo cha mbele, nyuma ya kioo kidogo, pale kwenye lile gamba jeusi la kamera ambalo ukiwa ndani huoni kilicho mbele yake, aliinama kwa mtu aliyemwona kutokea nje, pa juu, dada, mahali pa heshima, siyo juu ya kabati, juu humu humu, fundi alishika Budha mkononi akatafuta mahali ambapo hakuna matako wala miguu ya mtu, akampachika juu ya gamba, pa juu kuliko vichwa vyetu vyote, na kwenye tuta la sokoni akateleza, akaja kusimama mbele ya jicho la kamera, na kamera ikasema kweli tupu, sioni, mbele yangu kuna mtu... kila kitu kinaingia mahali pake kama vifuniko kwenye chupa za sampuli, afungue tu mlango, hatua mbili mbele ya boneti, kizuizi bado kimeshuka, muda upo, na mkono hauendi kwenye kitasa. Hauendi. Kwa sababu akimkuta pale atamtoa, na akimtoa taa zitazima, na zikizima gari litakuwa zima na kesho itakuwa kesho, na hapo anajua, bila kitabu, kwamba tangu saa kumi na dakika ishirini hakuwa akiogopa taa hizi ziwe nyekundu, alikuwa akizisubiri ziwe nyekundu, simama, imeandikwa, ukurasa fulani, hakuna wa kumlaumu, mjusi wake yeye, mjusi wa msomi, kwa sababu mtu wa mwisho aliyempeleka Chiang Mai kwa njia hii ni baba, alimwendesha mwenyewe, wakila mayai ya kuchemsha njiani, baba akisema punguza hapa, ongeza hapa, na Rin alirudi peke yake na kidani kile ndani ya mfuko wa plastiki wenye jina la wodi, kwenye kiti kile alichokalia mama sasa... "Treni hiyo," mama anasema, na inapita, ndefu, madirisha yamefunguliwa, mikono ya watu nje, koja linatikisika kidogo, inaisha, na kizuizi hakipandi, kengele bado inagonga, kuna nyingine inakuja kutoka upande wa pili, na Rin anaondoa mkono juu ya usukani, anaziacha zionekane, tatu, za manjano.

Kesho yake alfajiri, kabla mama hajatoka na begi, Rin alisimama mbele ya boneti akamwona Budha wa baba, nyuma ya kioo kipya, ameegemea jicho la kamera, uso umeelekea barabarani. Akaunganisha viganja, akaingia ndani, akapenyeza vidole viwili juu ya gamba, akamtoa, mama alipotoka akamvika kidani shingoni pale pale mlangoni, na juu ya kizingiti mjusi akalia, mama akamwambia, "Tumekusikia, baki na kuku," wakaingia, akawasha injini, taa zote zikawaka mara moja kama zinavyowaka gari linapoamka, zikazima zote, na kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kutazama pale tena, akatazama barabara.