Msomaji Bora wa Shule ya Kilele

Shule ya Msingi ya Kilele iko katika mtaa wa Lucky Summer, mahali pa chini kabisa, pale maji ya mvua yanapokutana kabla ya kuamua yaende wapi. Ina madarasa manane ya mabati, jiko moja, vyoo vinne, na Mkurugenzi mmoja ambaye angetosha shule tatu. Huyo ni Bwana Walter Odongo. Alipostaafu ukarani wa reli, wenzake walirudi mashambani kufuga kuku. Yeye akafungua shule, na tangu siku hiyo hakuwahi kukubali kwamba wiki inaweza kupita bila ushindi.

Kila Ijumaa saa sita mchana aliwatumia wazazi ujumbe kwenye kundi lao la WhatsApp, wenye kichwa "Mafanikio ya Wiki". Timu ya netiboli iliposhika nafasi ya tatu, wazazi walipongezwa kwa herufi kubwa. Timu zilizoshindana zilikuwa tatu, lakini hilo halikupata nafasi kwenye ujumbe. Mvua ya Mei ilipoingia darasa la chekechea hadi kwenye magoti ya mwalimu, wazazi waliarifiwa kwamba watoto wao wamejifunza kuhusu maji kwa vitendo, kama mtaala mpya unavyotaka. Na wiki isiyokuwa na lolote, alitangaza kwamba hakuna mwanafunzi aliyeanguka mtaroni.

Mwalimu Kaluki alifundisha Gredi ya Tatu, watoto arobaini na mmoja. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, binti wa dereva wa lori, na kwa miaka minane alikuwa akitembea kutoka mtaa wa Baba Dogo kila asubuhi kufika shuleni kabla ya wote. Mkurugenzi alimwita nguzo ya shule. Cheo hicho kilikuja na jukumu moja tu la ziada, kupiga kengele.

Mwezi wa Juni habari zilifika kwamba afisa wa ubora wa elimu atazuru Kilele Jumanne, kuangalia jinsi watoto wa Gredi ya Tatu wanavyosoma Kiswahili. Mkurugenzi aliitisha mkutano wa walimu na kutoa maagizo. Vyungu vya maua ya plastiki vipangwe mlangoni. Sabuni iliyokuwa imefungiwa ofisini tangu Januari ipelekwe vyooni, siku hiyo tu. Na atafutwe msomaji.

Kaluki alimpendekeza Kyule, mtoto aliyesoma chochote alichokutana nacho, hata maandishi ya mkebe wa rangi. Mkurugenzi alikataa. Kyule alisoma kwa kunong'ona, na pua yake haikuwa ya kuonyeshwa wageni. Alimtaka Celine.

Celine Adoyo alikuwa na miaka tisa, mrefu kuliko wenzake wote, na alikaa safu ya mwisho kabisa, ukutani. Kaluki ndiye aliyemweka huko ili asiwazibe wafupi. Sauti yake ilikuwa kama ya mtangazaji wa redio. Darasa lilipokariri shairi, yeye ndiye aliyeliongoza. Madaftari yake yalikuwa safi mno, kwa sababu hayakuwa na mengi ndani. Kaluki alimhesabu miongoni mwa watoto wa ndoto, wale wanaokuja shuleni mwili mbele na akili ikifuata baadaye. Na kwa muda mrefu alishuku jambo ambalo hakutaka kulisema, kwamba Celine hakujua kusoma hata neno moja.

Safari hii alilisema. Mkurugenzi alimsikiliza kwa upole wote.

"Mwalimu," akasema, "afisa haji kumpima. Anakuja kumsikiliza."

Basi wakafanya mazoezi. Ukurasa wa kumi na nne ulihusu mbuzi aliyekula kofia ya nyanya. Kaluki aliusoma mara mbili, na Celine akawa nao wote kichwani, vituo na mikato, pamoja na kicheko kidogo pale kofia inapotafunwa. Alijua hata kupitisha kidole chini ya mistari kwa mwendo unaofaa. Kaluki aliona aibu. Aliona pia nafuu, maana alijua kazi hiyo ingempendeza Mkurugenzi, na nafuu hiyo ndiyo iliyomsumbua zaidi alipokuwa akirudi nyumbani.

Afisa alikuja kwa miguu, saa mbili kamili, wakati maua yalikuwa bado yakipanguswa vumbi. Aliitwa Bi. Mbeti, mwanamke mdogo wa umbo, mwenye raba miguuni na mkoba uliochakaa. Alikataa soda. Alikataa pia kiti kilichofunikwa kitambaa mbele ya darasa, akaenda kukaa nyuma, kwenye dawati la Celine. Hilo halikuwa kwenye mipango.

Celine alipoitwa, alisimama, akafungua kitabu, akasoma. Alisoma vizuri kiasi kwamba watoto waliosikia habari za mbuzi huyo wiki nzima walicheka upya. Mkurugenzi alisimama mlangoni akitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza kwaya yake mwenyewe.

Bi. Mbeti alimpongeza, kisha akainama kukitazama kitabu. Kilikuwa kimefunguliwa ukurasa wa ishirini na mbili, penye picha ya tangi la maji. Aliweka kidole kwenye kichwa cha habari.

"Hapa pameandikwa nini, mama?"

Celine alikileta kitabu karibu na uso hadi pua ikagusa karatasi. Akakisogeza mbali. Akakileta tena.

"Mbuzi," akasema.

"Usafi wa maji," Kyule alinong'ona, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, darasa zima lilimsikia.

Miaka ishirini na sita ya ukarani wa reli, kwenye dirisha la mizigo iliyopotea, humfundisha mtu kujibu haraka. Mkurugenzi aliingia ndani, akamwekea Celine mkono begani na kueleza kwamba mtoto huyo, kwa bahati mbaya, ana shida ya macho, shule inajua, na jambo hilo linashughulikiwa. Hakupepesa hata ukope. Kaluki aliyatazama maandishi yake mwenyewe ubaoni.

Bi. Mbeti aliandika kwa muda mrefu kuliko ilivyopendeza. Halafu alisema amefurahi kusikia hivyo, kwani shule nyingi hupuuza macho ya watoto. Anawajua wataalamu wa macho wanaozunguka shuleni, naye atawaomba wapite Kilele wiki ijayo. Alichohitaji kwa Mkurugenzi ni barua za ridhaa za wazazi, na bila shaka zitakuwa tayari, kwa kuwa jambo limeshaanza kushughulikiwa. Mkurugenzi alijibu kwamba ziko karibu tayari, akaenda ofisini kuziandika.

Mchana huo alimwita Celine na kumweleza kwamba, wataalamu watakapokuja, asione vizuri. Celine alikuwa mtoto mtiifu. Akauliza asione kiasi gani.

Mama yake, Elsie, alipopata barua, alitoka kiwandani Baba Dogo akiwa bado na aproni ya kazi, na hakungoja kukaribishwa. Alimwambia Mkurugenzi kwamba mtoto wake hana ugonjwa wowote. Kukunja macho ni mambo ya ukoo wao. Mama yake anakunja, yeye anakunja, na wote wanaishi vizuri tu. Kama shule imeshindwa kumfundisha Celine kusoma, iseme hivyo na isisingizie macho yake. Mkurugenzi alimshukuru kwa mchango wake. Elsie alitia sahihi mwishowe, kwa sababu Kaluki alimsindikiza hadi langoni na kumwambia ukweli wote wa ukurasa wa kumi na nne, bila kujipunguzia sehemu yake.

Wataalamu walikuja wawili. Walitundika karatasi yenye herufi moja tu, iliyorudiwa kubwa hadi ndogo na kuelekezwa huku na huku, ili mtoto asiyejua kusoma aonyeshe kwa mkono inatazama wapi. Zamu ya Celine ilipofika, hakuonyesha kitu, hata kwa ile herufi kubwa ya juu kabisa. Mtaalamu, Bwana Munyao, alishawahi kuwaona watoto wanaojifanya vipofu ili wapate miwani kama ya wachezaji wa sinema. Alimpeleka ofisi ya Mkurugenzi, akafunga pazia, akammulika macho kwa chombo kisichodanganywa. Alipotoka alimtafuta Kaluki.

"Huyu haoni ubao kabisa," alisema. "Na pengine hajawahi kuuona. Anakaa safu ya ngapi?"

"Ya mwisho."

"Nani alimweka huko?"

"Mimi," Kaluki akasema.

Bwana Munyao hakumlaumu. Alimwandikia namba za miwani kwenye kadi na kumwita mtoto aliyefuata. Kaluki alibaki amesimama na kadi ile mkononi, akikumbuka mara zote alizomwambia Celine anakili polepole, na jinsi Celine alivyomjibu kila mara kwamba atajitahidi.

Wanafunzi kumi na mmoja walikutwa na matatizo ya macho. Ujumbe wa Ijumaa hiyo ulikuwa mrefu kuliko wote uliotangulia. Ulieleza jinsi jicho makini la uongozi wa Kilele lilivyogundua yale ambayo wazazi, kwa shughuli zao nyingi, hawakuyaona. Kulikuwa na picha ya Mkurugenzi akiitazama ile herufi moja kwa utulivu mkubwa.

Miwani ya Celine ilifika baada ya wiki tatu, ya fremu nyekundu. Kaluki alimvalisha yeye mwenyewe, uwanjani. Celine alitazama mabati, akatazama waya za stima, akatazama mtu aliyekuwa akianika nguo kwenye ghorofa ya nne upande wa pili wa barabara. Kisha akamgeukia mwalimu wake.

"Ticha," akasema, "kumbe una mvi."

Baadaye, darasani, alieleza kwa sauti ileile ya redio kwamba siku zote alidhani kila mtu anaona ukungu, ila wenzake ni hodari zaidi wa kukisia. Wengine walicheka. Kaluki aliwaambia wafungue vitabu vya hisabati.

Mkurugenzi alitaka video ya Celine akisoma, itolewe Jumatatu. Kaluki alimfafanulia kwamba miwani humpa mtoto macho, haimpi herufi. Miaka mitatu imepita bila Celine kuona kilichokuwa kikifundishwa, na sasa ataanza na irabu, kama watoto wa chekechea. Mkurugenzi alihuzunika kama mtu aliyeuziwa simu isiyo na chaja.

"Mimi nitamfundisha," Kaluki alisema. "Wakati wa mapumziko, kila siku. Lakini sitaweza kupiga kengele tena."

Mkurugenzi alisema kengele ni nidhamu ya shule, na haiwezi kuachiwa kila mtu. Kaluki alikubaliana naye. Akaongeza kwamba Bi. Mbeti akirudi na kuuliza nani aliagiza mazoezi ya ukurasa wa kumi na nne, yeye atajibu alivyoulizwa. Tangu siku iliyofuata kengele ilipigwa na Mkurugenzi mwenyewe, na wazazi wakaarifiwa kuhusu moyo wake wa kujitolea.

Siku ya kwanza ya masomo hayo, kabla ya kufungua kitabu, Kaluki alimwomba Celine msamaha.

"Nilikuweka nyuma na sikuuliza," alisema. "Nimekukosea."

Celine alifikiri kidogo. "Nyuma kulikuwa na ukuta wa kuegemea," akajibu. "Huku mbele hakuna." Halafu akauliza wataanza na herufi gani.

Walikaa kwenye meza ya chekechea, magoti ya Celine yakiwa juu kuliko meza. Walioruka kamba nje walichungulia dirishani wakimwita, "Niaje, Profesa!" Baadhi ya siku alilia. Siku nyingine aliikasirikia herufi "d" kwa kufanana na "b", na Kaluki alikiri kwamba hata yeye haoni sababu. Tatizo kubwa lilikuwa kumbukumbu yake. Sentensi ikisomwa mara moja tu, aliikariri na kuacha kuitazama, kwa hiyo Kaluki alilazimika kumwandikia sentensi mpya kila siku, juu ya makaratasi ya mkate na nyuma ya kalenda. Wiki ya nne Celine alisoma "Baba anapika ugali" na kusema hiyo si kweli, akacheka, na Kaluki akajua ameielewa.

Agosti ilifika na sherehe ya kufunga muhula. Ratiba ilimpa Celine shairi la kukariri, la beti nane, la kuusifu uongozi. Celine alimwambia Mkurugenzi, kwa adabu, kwamba hatakariri, atasoma. Aliyasema mbele ya wageni, kwa hiyo Mkurugenzi akatabasamu.

Kaluki alimpa kitabu ambacho hakuwahi kukiona. Celine alirekebisha miwani, akaweka kidole kwenye neno la kwanza, akaanza. Ile sauti ya redio haikuwapo. Ilitoka sauti nyembamba ya kukwamakwama, inayoshika silabi na kuiachia. Sentensi zilikuwa saba. Dakika ya pili watu walianza kukohoa. Dakika ya tatu harufu ya pilau ilifika, na waliokaa nyuma wakageuza shingo. Elsie alikuwa amesimama kando ya hema, simu juu, akirekodi, na hakuna aliyethubutu kumwambia akae.

Kwenye sentensi ya tano, neno "ng'ombe" lilimkwamisha kabisa. Mkurugenzi aliona nafasi, akaanza kupiga makofi ya kumalizia, na watu wakamfuata kwa furaha ya wenye njaa. Celine aliinua mkono mmoja bila kuondoa macho kwenye ukurasa.

"Bado," akasema.

Makofi yakakatika. Alirudi kwenye neno lile, akalijaribu mara mbili, akaliruka, akamaliza zile sentensi mbili zilizobaki, kisha akafunga kitabu na kwenda kukaa karibu na mama yake. Elsie alikuwa bado anarekodi, ingawa sasa kilichokuwa mbele ya simu kilikuwa mgongo wa mtu aliyesimama kwenda kuchukua sahani.

Watu walikula. Kaluki alikaa peke yake mwisho wa benchi, akatoa kalamu na kuandika kwenye daftari lake mahali watakapoanzia Septemba. Wenzake Celine walikuwa wanakaribia Gredi ya Nne. Yeye alikuwa amefika silabi zenye "ng'" na "ny". Aliandika hivyo hivyo, akapiga mstari chini, akaenda kutafuta chakula kabla hakijaisha.