Mkwaruzo wa Ijumaa, Fainali ya Jumamosi

Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya fainali, Tabasamu aliona madoa matatu meusi angani.

Anga lenyewe halikuwa na kosa. Madoa yalikuwa kwenye picha alizopiga jana yake mazoezini, yameganda pale pale juu kulia, kama punje za pilipili manga zilizomwagikia karatasi nyeupe. Alibadilisha lenzi, akapiga picha ya ukuta wa sebuleni. Madoa hayo hapo. Akabadilisha tena. Hayo hapo. Hapo ndipo alipojua kwamba vumbi limepenya hadi ndani ya kamera na kukaa juu ya sensa, kile kioo kidogo kinachokamata mwanga na kuufanya picha.

Jina lake halisi lilikuwa jingine, lakini mtaa mzima ulimwita Tabasamu kwa sababu ndilo neno alilolitamka zaidi kuliko jina la mumewe. Alikuwa amepiga harusi, mahafali, watoto wachanga na vitambulisho visivyo na idadi. Ila kesho haikuwa harusi. Kesho timu ya wanawake ya mji wao ingecheza fainali ya kwanza tangu iundwe, na kipa wa timu hiyo alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, msichana mrefu ambaye wote walimwita Gundi, maana mpira ukishafika mikononi mwake umefika. Klabu ilikuwa imempa Tabasamu kibali cha kukaa ndani ya uwanja, karibu na goli, pamoja na waandishi wa habari. Wiki nzima alikuwa akikivaa shingoni hata akiosha vyombo.

Fundi wake wa kamera alishamwonya mara mbili: "Dada, ukiona vumbi ndani, usiguse. Niletee." Tabasamu alitia pamba masikioni, na safari hii pamba yenyewe ilikuwa kwenye kijiti. Alikuwa ameangalia video ya dakika tano kwenye simu, mtu akisafisha sensa kwa mikono laini, muziki unapiga taratibu. Kumbe ni hivyo tu! Akatandika taulo safi juu ya meza ya chakula, akafunga madirisha, akaizima feni. Akachukua kijiti cha pamba cha kusafishia masikio, akakichovya kwenye spiriti, akaifungua kamera na kuuweka mlango wake wa ndani wazi. Sensa ikamtazama, inang'aa rangi ya zambarau kama jicho la samaki.

Alisugua mara moja. Akasugua mara ya pili. Mara ya tatu akasikia mlio.

Ulikuwa mlio mdogo sana, *kss*, lakini ulimpitia toka kwenye vidole hadi utosini. Alipokitoa kijiti aliona pamba imesogea nyuma, ncha ya plastiki iko nje.

Akarudisha lenzi, akapiga picha ya ukuta. Madoa matatu yalikuwa yameondoka kweli. Mahali pake palikuwa na ukungu wa spiriti uliotapakaa kama dirisha la bafuni, na katikati ya ukungu huo mstari uliopinda kama unywele, mweusi, mkali, hausogei.

"Nimekwisha," alisema kwa sauti.

Hapo hapo Gundi akaingia bila kubisha hodi, kama kawaida yake, begi la mazoezi begani.

"Dada, nina njaa ya... We! Una nini? Nani kafa?"

"Sensa."

"Sensa? Ya watu na makazi?"

"Gundi, usinichekeshe, nitakupiga na hili taulo. Nimeikwaruza kamera. Kesho sina kamera!"

Gundi aliitazama picha ya ukuta, akainamisha kichwa kulia, kisha kushoto. Hakutania tena. Aliliweka begi chini, akamvuta dada yake mkono.

"Viatu. Vaa viatu. Ijumaa fundi anafunga saa sita."

Ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Walitoka mbio, Tabasamu ameikumbatia kamera kifuani kama mtoto mwenye homa, Gundi mbele akipasua njia: "Samahani mama! Samahani kaka! Mgonjwa! Tuna mgonjwa hapa!" Watu wakapisha kweli. Mwanamke mmoja hata akasema pole.

Karakana ya fundi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la miwani, meza ndefu, taa tatu, na yeye mwenyewe, mtu mnene mwenye kioo cha kukuzia kilichofungwa kwenye paji la uso. Alikishusha jichoni, akachungulia ndani ya kamera, akaigeuza huku na huku chini ya taa.

"Ulitumia nini?"

"Pamba ya... ya masikio."

"Ya masikio," fundi alirudia polepole. "Kamera ilikuambia haisikii?"

Gundi akaangua kicheko, akajiziba mdomo. Tabasamu alitamani sakafu ipasuke.

"Sema tu fundi. Imekufa?"

"Haijafa. Sikiliza. Juu ya sensa kuna kioo chembamba cha kuilinda. Ulichokwaruza ni hicho kioo, sensa yenyewe nzima. Ningekibadilisha, lakini sina kingine hapa. Nikiagiza ni wiki mbili."

"Fainali ni kesho saa kumi!"

"Najua. Na mimi nina tiketi." Aliinua kioo kutoka jichoni. "Huu ukungu nitautoa sasa hivi. Mkwaruzo utabaki. Tutaona jinsi ya kuishi nao."

Alifanya kazi bila haraka, kwanza kwa kipulizio cha mpira, kisha kwa kitambaa kilichobanwa kwenye kijiti bapa, kipana kama sensa yenyewe, mpito mmoja kwenda, mpito mmoja kurudi. Kisha akatoka na Tabasamu hadi mlangoni, akamwambia apige anga. Mstari ulikuwa pale pale, juu kulia.

"Sasa lifungue tundu la lenzi mpaka mwisho. Piga tena."

Tabasamu akafanya hivyo, akatazama, akaisogeza kamera karibu na pua. Mstari ulikuwa umeyeyuka. Palikuwa na kivuli hafifu tu, kana kwamba mtu amepumulia kioo.

"Umekwenda wapi?"

"Upo. Tundu likiwa dogo, mwanga unapita mwembamba na kila uchafu unajichora. Likiwa wazi, mwanga unakuja toka pande zote, unaufunika. Lakini kuna shida mbili. Kwenye anga jeupe kivuli bado kitaonekana, kwa hiyo ile kona ya juu kulia itafutie mahali penye giza. Na tundu likiwa wazi hivyo, mahali utakapolenga ndipo patakapokuwa pakali, kwingine kote ukungu. Ukikosea kwa hatua moja, dada, utapiga picha nzuri sana ya nyasi."

Mchana kutwa walifanya mazoezi kwenye uwanja mtupu wa shule. Gundi aliruka na kugaagaa, na Tabasamu akalenga, akakosea, akalenga, akakosea. Picha za kwanza hamsini zilikuwa nyasi kweli. Kisha mkono ukaanza kuelewa. Tena akagundua jambo ambalo fundi hakulisema: akiigeuza kamera juu chini, kivuli nacho kinageuka, kinaangukia chini kushoto, kwenye majani, ambako hata yeye mwenyewe hakioni. Alirukaruka kwa furaha katikati ya uwanja hadi Gundi akamuuliza kama ameumwa na siafu.

Jumamosi saa kumi uwanja ulikuwa umefurika. Ngoma, vuvuzela, watu wamekaa hadi juu ya ukuta. Wapiga picha walipangwa upande wa kulia wa goli, nje ya mstari wa pembeni. Jirani yake alikuwa mtu wa gazeti, amekalia nyasi, lenzi yake nene kama bomba la maji, na sanduku kubwa la chuma la vifaa ubavuni. Alipomwona Tabasamu akiigeuza kamera, alimgusa bega.

"Dada, samahani. Umeishika kichwa chini."

"Najua kaka. Hivi ndivyo inavyopenda."

Mtu wa gazeti akatikisa kichwa kwa huruma.

Mechi ilikuwa ya kufa na kupona. Wageni walifunga kipindi cha kwanza kwa kichwa, na Tabasamu akamnasa mdogo wake amepiga magoti, mpira unazunguka nyavuni nyuma yake. Ilimuuma kuipiga, lakini aliipiga. Dakika ya themanini na nane wenyeji wakasawazisha, na uwanja ukalipuka kiasi kwamba mtu wa gazeti alimkumbatia Tabasamu kabla ya kukumbuka kwamba hamjui. Muda wa nyongeza ukapita bila bao. Mwamuzi akaelekeza kidole kwenye goli lililokuwa mbele yao kabisa.

Mikwaju ya penalti.

Nyuma ya goli hilo hakukuwa na jukwaa. Kulikuwa na bango refu jeusi linalofika kifuani, na juu yake anga tupu, jeupe. Tabasamu aliigeuza kamera chini juu ili kivuli kiingie majanini, akapiga magoti, akajibana mbavu kwa viwiko ili kamera isitikisike. Wenyeji walikuwa wa kwanza kupiga kila mzunguko. Wakafunga. Wageni wakafunga. Wakaenda hivyo, moja baada ya nyingine, hadi mpira mmoja wa wageni ukagonga mwamba na ule mmoja wa wenyeji ukapaa juu. Mwisho hesabu ikawa hivi: wenyeji wamemaliza mitano yao, wamepata minne. Wageni wamepata mitatu, wamebakiwa na mmoja. Ukiingia, inaendelea. Gundi akiuzuia, kombe ni lao.

Mpigaji alikuwa nahodha wa wageni, mwenye mguu wa kushoto, anauweka mpira taratibu, anaugeuza, anauweka tena.

Tabasamu aliangalia kupitia kamera, na hakumwangalia nahodha. Alimwangalia mdogo wake. Alimjua tangu anatambaa. Alijua kwamba Gundi akishakata shauri, goti moja hulegea kabla mwili haujahama. Na goti lililolegea sasa lilikuwa la upande wa kushoto wa picha. Anakwenda kushoto, chini! Kule kule kilikokuwa kivuli!

Akiiacha kamera ilivyo, kivuli kitampaka mdogo wake usoni. Akiigeuza, kitatua kwenye anga jeupe, waziwazi. Isipokuwa... isipokuwa akiwa juu. Akiwa juu akatazama chini, anga litatoka kabisa kwenye picha, libaki bango jeusi.

Nahodha alirudi nyuma hatua tano.

"Kaka, sanduku lako!"

"Nini?"

Alikuwa ameshalivuta. Alipanda juu yake kwa miguu miwili, likayumba, akasimama, akaigeuza kamera sawa, akalenga kwenye glavu za Gundi.

"We dada! Mna lenzi humo! Shuka!"

Nahodha akakimbia. Mpira ukapigwa. Gundi akaruka kushoto, mwili mzima umenyooka sambamba na ardhi, mkono mmoja mbele, na Tabasamu akaminya kitufe, akaminya, akaminya.

Kelele zilizofuata hakuzisikia kwanza. Aliona tu mpira ukidunda nje ya mstari, Gundi amelala kifudifudi, halafu wachezaji kumi wakimwangukia. Sanduku likapinduka. Tabasamu akadondoka majanini na kamera juu, mkono umenyooshwa kama mtu anayevuka mto na nguo zake, na mtu fulani akakanyaga skafu yake, na yeye akalia, akacheka, akalia tena. Fundi naye alikuwa ameruka uzio pamoja na mamia ya wengine. Alimwinua kwa kwapa zote mbili.

"Nionyeshe! Nionyeshe haraka!"

Wakainama juu ya kioo kidogo, wakakikinga na mwanga kwa viganja. Kulikuwa na picha saba. Ya kwanza ilikuwa ukungu. Ya pili ilikuwa nyasi. Ya tatu ikawafanya wainame zaidi.

Gundi alikuwa hewani. Kila mshono wa glavu ulionekana, na mpira umebonyea kwenye ncha za vidole vyake viwili. Nyuma yake bango lilikuwa jeusi kutoka ukingo hadi ukingo. Fundi alikishusha kioo chake cha kukuzia, kumbe alikuja nacho hadi uwanjani, akaikagua kona ya juu kulia.

"Kivuli kiko wapi?" aliuliza.

"Sikioni," alisema Tabasamu. "Na sitaki kukitafuta!"

Asubuhi ya Jumapili simu ikaita. Ni mtu wa gazeti, namba ameipata klabuni. Alijikohoza sana kabla ya kusema. Wakati wa mkwaju ule, alieleza, yeye alikuwa ameligeukia sanduku lake, kwa hiyo alichokipata ni picha nne za viatu vya Tabasamu. Mhariri amekasirika. Je, dada angekubali kuwapa ya kwake, kwa jina lake, ukurasa wa mbele?

Dada alikubali kabla hajamaliza sentensi, kisha akaomba radhi kwa sanduku, kisha akapiga kelele hadi mumewe akaja mbio kutoka bafuni na povu kichwani.

Jumatatu gazeti lilipotoka, picha ilijaza nusu ya ukurasa. Tabasamu alinunua nakala kumi, akaziweka kwapani, akaanza kwenda kwa fundi kumwachia kamera kwa zile wiki mbili. Kabla hajafika dukani, simu ikaita, na Gundi alikuwa hewani.

"Dada! Umeiona?"

"Nimeiona! Nimeiona, mama yangu, umependeza kama tai!"

"Nimependeza wapi? Nimetoa ulimi! Nchi nzima inaniona nimetoa ulimi! Hukuweza kunifunga mdomo?"

"Mdogo wangu," alisema Tabasamu, akisimama katikati ya barabara huku watu wakimpita, "nilikuwa na kazi nyingine."

Upande wa pili wa simu Gundi alikuwa anacheka hadi anakosa pumzi, na nyuma yake timu nzima ilikuwa ikiimba.